Wimbi Zima

Redio ya kwanza niliyotumwa kuitengeneza haikuwa mbovu. Ilikuwa redio koli ya zahanati moja kule Ikuti, ile ambayo muuguzi aliitumia kuita gari la hospitali mama mjamzito anapozidiwa, na ilikuwa imenyamaza tangu mvua zianze. Nilikwenda na begi lenye bisibisi, mita ya kupimia umeme, risasi ya kulehemea na cheti changu cha ufundi. Cheti nilikibeba kwa sababu nilijua kuna mahali nitaulizwa, mimi mwanamke, kama fundi mwenyewe yuko njiani.

Muuguzi, mama mtu mzima wa huko huko, alinipokea mlangoni kwa salamu ya kwetu.

"Ugonile, mwanangu. Ledio yetu imekufa," alisema. "Tumeipiga piga, imekataa."

Niliifungua yote. Nilipima kila kilichopimika, nikalehemu upya sehemu ambazo hazikuhitaji kulehemiwa, nikaifunga, na bado ilikuwa kimya. Nilipotoka nje kupumua, niliona mgomba uliokuwa umekua nyuma ya jengo hadi jani lake likaulalia waya wa antena. Jani likilowa, mawimbi yote yanaishia kwenye mgomba. Niliazima panga, nikakata jani, redio ikaanza kuongea.

"Sasa yale madude yote uliyofungua yalikuwa na kosa gani?" muuguzi aliuliza.

"Hayakuwa na kosa, mama."

"Ndaga," alisema. Kwetu neno hilo ni asante na ni pole pia, na sikuthubutu kumuuliza alikuwa na maana ipi.

Naanza na jani la mgomba kwa sababu ninyi mnaonipokea kazi, Lusajo na Neema, mmeanzia kwenye kompyuta, na mtu aliyeanzia kwenye kompyuta hudhani kosa lazima liwe ndani ya kompyuta. Mmeniomba niwaandikie miaka yangu. Vyeo na mishahara sitaviandika, vipo kwenye mafaili na havimfundishi mtu kitu. Nitaandika kuhusu kazi.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Shabani. Alikuwa na duka karibu na stendi ya Tukuyu, duka la tochi, betri, waya na redio zilizokuja kutengenezwa zikasahauliwa na wenyewe. Kabla ya duka alikuwa mpiga telegramu wa posta, na alipoacha kazi aliondoka na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya, yaani mkono wake wa Morse, ile lugha ya nukta na mistari inayopigwa kwa ufunguo. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, redio ya watu wanaozungumza angani kwa mapenzi tu, bila biashara. Mimi nilikwenda dukani kwake kununua fyuzi, nikamkuta amefumba macho na masikio yamefunikwa na spika za kichwani. Nilisubiri. Mteja mwingine akaja akasubiri, akaondoka.

"Huyo ameondoka," nilimwambia alipofumbua macho.

"Atarudi. Fyuzi haziozi," alijibu. "Paulo akiondoka ndiyo basi mpaka Jumamosi ijayo."

Paulo alikuwa mpiga telegramu wa reli, kwao ni mbali kule Tabora. Walifahamiana kazini bila kuonana, kwa kupigiana, na walipostaafu kila mmoja alijitengenezea mtambo wake wakaendelea pale walipoishia. Kila Jumamosi alasiri walikutana kwenye wimbi la mita arobaini. Paulo hakuwa na simu ya mkononi na hakutaka kuwa nayo. Alisema amefungwa na waya maisha yake yote na sasa amepumzika. Mtambo wake aliuunda kwa vyuma chakavu vya reli, na ulikuwa na tabia ya kuhama. Ukipata joto unasogea pembeni kidogo, kwa hiyo kila Jumamosi ilibidi atafutwe. Mzee Shabani alilifurahia hilo. Alisema rafiki anayekaa mahali pamoja hana raha ya kutafutwa.

Alinifundisha kusikiliza kabla ya kushika bisibisi. Nikimpelekea redio mbovu, aliniamuru nikae nayo kimya kwanza, nimweleze inavyolia. Kukoroma ni umeme, kukwaruza ni swichi, kuchemka kama mafuta ya maandazi ni waya uliolegea. Akinikuta nimeshaifungua, aliniambia, "Daktari hampasui mgonjwa kwa sababu kamkuta kalala kitandani." Nilichukia maneno hayo kwa muda mrefu, na sasa nayasema mwenyewe.

Kisha zikaja simu za mkononi. Zahanati moja baada ya nyingine ikaacha redio koli, na mimi niliyekuwa nikizunguka nazo toka Masukulu hadi Lupepo nikapewa chumba chenye kompyuta chakavu na kuambiwa hii ndiyo kazi yangu mpya. Sikulalamika. Kompyuta haina jani la mgomba, nilidhani. Nilijifunza kuandika programu kwa kusoma programu za wengine, zile zilizoachwa wazi ili kila mtu azisome na kuzirekebisha, na mwanzoni nilielewa sehemu ndogo sana.

Mzee Shabani ndiye aliyenionyesha kile kidude. Kilikuwa na ukubwa wa flashi, kimetengenezwa ili mtu atazame televisheni kwenye kompyuta, lakini watu wa redio walikuwa wamegundua kwamba kinaweza kushika karibu kila kitu kinachopita angani. Kiongezee kijisanduku cha masafa mafupi, na kompyuta yako inakuwa redio. Mambo ambayo zamani yalifanywa na koili na vipuri vingine sasa yanafanywa na hesabu.

"Kwa hiyo redio iko wapi?" nilimuuliza.

"Ndiyo hiyo hamna," alisema kwa furaha. "Redio ni wewe utakayeiandika."

Programu zilizokuwepo zilikuwa nzuri, ila ziliandikwa na watu wenye kompyuta mpya na umeme usiokatika. Kwenye kompyuta zetu zilitambaa. Umeme ukikatika, jambo ambalo kwa Tukuyu ni suala la kusubiri tu, zilisahau kila ulichopanga. Nikaanza kuandika ya kwangu: nyepesi, inayokumbuka ilipoishia hata ikizimwa ghafla, na yenye maneno ya Kiswahili. Nikaiita Kaporogwe, jina la maporomoko ya maji ya huku kwetu, kwa sababu picha kuu ya programu za namna hii huitwa maporomoko. Mawimbi yanachorwa kwa rangi juu ya kioo na kushuka taratibu mstari kwa mstari, na kituo kinaonekana kama mchirizi. Kituo cha Paulo kilionekana kama mshono wa cherehani iliyochoka. Watu wa nchi za mbali walioanza kunisaidia kuiandika hawakuweza kulitamka jina hilo, na wengi wa wazee wetu hapa walisema Kapologwe. Nililiacha hivyo hivyo.

Niliitoa bure, na huo ndio ulikuwa mtihani. Mtu akinunua kitu kibovu huwa mpole, maana anaona aibu kwamba kaliwa. Akipewa bure huwa mkali. Niliwahi kuambiwa na bwana mmoja wa mjini, "Dada Tumpe, kama ingekuwa nzuri ungeiuza." Mwingine aliniuliza nani ananilipa, nikamwambia hakuna, akanitazama kwa wasiwasi na hakuiweka.

Kati ya kesi ngumu, ya Lupepo naikumbuka kwa sababu ilinichosha. Mwalimu Ambwene wa huko aliniandikia kwamba programu yangu inanguruma. Nilimwomba anitumie sauti, nikaisikiliza, ilikuwa inanguruma kweli. Nilipekua msimbo wangu wote sikuona kitu. Mwisho nilipanda pikipiki nikaenda, nikafanya alichonifundisha Mzee: nikakaa kimya sebuleni kwake na kusikiliza. Ngurumo ilikuwa ya umeme. Tukaanza kuzima kitu kimoja kimoja ndani ya nyumba. Tulizima jokofu, televisheni, chaja zote. Ikabaki taa ya bei rahisi iliyokuwa ikiwapa joto vifaranga wa mke wake.

"Hiyo haizimwi," mke wake alisema kutoka jikoni.

"Dakika moja tu, shemeji."

"Hiyo dakika moja kawaambie vifaranga."

Ilizimwa baada ya majadiliano, na ngurumo ikakoma. Tulihamishia antena upande wa pili wa nyumba, vifaranga wakabaki na taa yao. Kwenye ukurasa wa msaada niliandika: kabla ya kuripoti kosa, zima taa ya vifaranga. Mwenzetu mmoja wa ng'ambo alitafsiri maelezo yote, kisha akauliza kwa adabu kama vifaranga ni kifaa cha redio. Sentensi hiyo ipo mpaka leo na naomba msiifute.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka macho ya Mzee Shabani yalipoanza kuharibika. Ilikuwa presha ya macho, na ilikuwa imeanza zamani bila kumwambia mtu. Kwanza aliacha kuona pembeni, akawa anagonga mabeseni uani na kumlaumu mkewe, Bi Zainabu, kwa kuyahamisha. Halafu akaanza kusogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Siku moja nilimkuta pua inakaribia kugusa maporomoko, na mshono wa Paulo ulikuwa unashuka mbele yake bila yeye kuuona.

"Uko kushoto kidogo, Mzee," nilimwambia.

Aliivua ile spika ya kichwani na kuiweka mezani taratibu.

"Sikiliza, binti yangu. Redio ya kuonyeshwa njia si redio, ni kusindikizwa. Siku nikishindwa kumtafuta Paulo mwenyewe, nguzo ya antena nitaing'oa, Zainabu aegemezee migomba yake."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameshaipima nguzo na migomba, na Bi Zainabu aliniambia pembeni kwamba alikuwa ameshaulizia vijana wa kuing'oa. Bila Paulo, alisema, sijui atakuwa anaamkia nini. Mimi niliumia. Kitu nilichojivunia kuliko vyote kwenye Kaporogwe kilikuwa yale maporomoko, na kwa mtu aliyenifundisha kazi yalikuwa sasa ni ukuta tu.

Nikakaa kuandika Kaporogwe ya masikio. Badala ya picha, kompyuta inapita kwenye wimbi kuanzia chini kwenda juu, na inapokuta kituo inalia: nyembamba kama kiko juu, nene kama kiko chini. Mishale ya kibodi inakusogeza hatua ndogo ndogo. Kila kitufe unachobonyeza, sauti ya mashine inakutajia umefanya nini. Sauti yenyewe ilisoma Kiswahili bila kupanda wala kushuka, swali na jibu na amri vyote kiwango kimoja. Niliijaribu nimefunika kioo kwa kitenge, nikagongana na makosa yangu mwenyewe wiki nzima.

Mzee alinipa maoni yake ya kwanza baada ya kusikiliza kidogo.

"Inaongea mno. Mume akiongea hivi, wewe ungemwacha."

Nikapunguza. Nikapunguza tena. Bi Zainabu akagandisha punje za mchele kwa rangi ya kucha juu ya vitufe vya muhimu, na Mzee akajifunza kuvipapasa. Kutuma hakukuwa na shida, kwani ufunguo wa Morse haukuwahi kuhitaji macho. Ikafika Jumamosi akampata Paulo mwenyewe, mimi nimekaa jikoni na mkewe, na tulipoanza kusikia ufunguo unagonga, Bi Zainabu aliacha kumenya ndizi akafuta uso kwa upande wa khanga. Vijana wa kung'oa nguzo walirudishwa.

Sasa naja kwenye neno. Kulikuwa na kitufe cha kutoka kwenye sehemu ndogo uliyokuwa ukisikiliza na kurudi kwenye wimbi lote, ili utafute upya kuanzia mwanzo. Nilikuwa nimekiandikia "Yote" kwa haraka. Kufikia wakati huo tulikuwa na kundi la kutafsiri, watu wa kujitolea wa mikoa mbalimbali, na kundi la namna hiyo haliachi neno la haraka likae. Mmoja alipendekeza "Bendi nzima". Mwingine akasema bendi ni ya muziki, mtu atadhani anaitiwa wapiga gitaa na ngoma na mwimbaji wao. Wakabishana kwa muda uliotosha kuandika programu nyingine. Mwishowe ikapigiwa kura "Wimbi zima", na kwa sarufi hakuna wa kulikosoa. Lilionekana zuri kwenye kioo, chini ya alama ya mshale wenye ncha mbili. Toleo jipya likatoka, nami nikaliweka kwenye kompyuta ya Mzee kama nilivyoliweka kwenye zote.

Baada ya hapo nikawa na kazi nyingi Masukulu, kwenye kompyuta za shule, na sikupita kwake kwa Jumamosi kadhaa. Nilichopata ni ujumbe wa Bi Zainabu: Mzee Paulo wa Tabora amefariki, Ijumaa baada ya swala tunamfanyia dua, karibu.

Nilikwenda. Uani kulikuwa na majirani wa msikitini na sisi wa kanisani wachache, sufuria kubwa ya pilau, na mkeka. Jirani mmoja aliuliza, kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini, inakuwaje Mkristo asomewe dua na hata kaburi lake hatulijui. Mzee alimsikia. Macho yakipungua masikio yanaongezeka.

"Yeye watamwombea wa kwao," alisema. "Hapa naombewa mimi niliyebaki."

Mzee alikuwa amekonda. Alikaa ameelekeza uso kwenye ukuta wa duka lake, na nguzo ya antena, niliona, ilikuwa imeshafunguliwa waya mmoja. Nilikula nikaongezwa, maana pilau ya Bi Zainabu haikataliki hata kwenye huzuni. Watu walipopungua nikasogea kumpa pole na kumuuliza habari zilimfikiaje, kwani nilijua Paulo hana simu.

"Kompyuta yako ndiyo iliyoniambia," alijibu.

"Iliniambia" ni neno ambalo watu hulitumia vibaya kuhusu kompyuta, kwa hiyo sikushtuka mara moja. Nikamuuliza ilimwambiaje.

"Jumamosi ile nilimtafuta pale pake, hayupo. Nikasema amehama, kawaida yake. Nikabonyeza kile cha kutafuta wimbi lote. Ikaniambia wimbi limezima. Nikazima mashine. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikajua." Akaivuta kofia mbele. "Nashukuru ilisema waziwazi. Watu wangezungukazunguka."

"Ilisema *limezima*, Mzee?"

"Ilisema inavyosemaga yenyewe. Kompyuta ina sarufi?"

Nilimwomba twende ndani. Akaiwasha, akapapasa mpaka kwenye punje ya mchele, akabonyeza. Sauti ya mashine ikasema, bila kupanda wala kushuka:

"Wimbi zima."

"Umesikia?" alisema.

Nilisikia. Kwa mara ya kwanza nililisikia bila kuliona, na bila ule mshale juu yake halikuwa jina la kitufe. Lilikuwa taarifa ya msiba. Nilikuwa nimekula sahani mbili za pilau ya kosa la tafsiri.

"Mzee," nilisema, "hilo zima si la kuzimika. Ni zima la wimbi lote. Kama kusema siku nzima. Ilikuwa inakuambia imekufungulia wimbi lote, haya tafuta."

Aliuondoa mkono kwenye kibodi.

"Kwa hiyo alikuwa ananisubiri nimtafute," alisema, "na mimi nikazima."

"Sijui kama alikuwepo, Mzee. Nasema tu kwamba kompyuta haijui habari zake."

Bi Zainabu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Na pilau?" aliuliza.

Ndiyo asili ya ile kanuni mnayoilalamikia, kwamba hakuna neno linaloingia kwenye Kaporogwe kabla halijasomwa kwa sauti na kusikilizwa na mtu aliyefumba macho. Neno linaloishi chini ya picha hubebwa na picha. Likitoka peke yake kwenda sikioni, lina mdomo wake. Jioni hiyo hiyo niliandika "Masafa yote", nikamsomea Bi Zainabu mara kadhaa huku akiosha vyombo, akasema halimtishi, nikaliweka kwenye kompyuta ya Mzee. Kundi la tafsiri waliponiuliza kwa nini nimevunja kura yao, niliwaambia nimetoka msibani.

Nilirudi nyumbani nimeogopa. Paulo alikuwa mtu mzima sana. Iwapo Jumamosi asingesikika, ningekuwa nimemfukua rafiki wa Mzee ili afe mara ya pili, na safari hii bila dua, maana ilishasomwa.

Jumamosi alasiri mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mabati, mvua inatishia. Mzee alikuwa amekaa mezani mapema, kofia kichwani, ule waya wa antena umerudishwa. Alinitaka nikae kando yake kwa sababu moja tu, niwepo kama mashine itasema kitu cha ajabu tena. Kioo kilikuwa kinawaka, na maporomoko yanashuka kwa ajili ya macho yangu peke yangu.

Alianza pale pa kawaida. Kimya. Akabonyeza kwenye punje ya mchele.

"Masafa yote."

"Haya," aliijibu.

Akaanza kupanda na mishale. Alipita kituo kimoja cha mbali, akakisikiliza, akakiacha. Akapita kelele. Ndipo nikauona. Ulikuwa mwembamba sana, mshono ule ule uliochoka, nukta na mistari inashuka upande wa juu kidogo ya alipokuwa. Alikuwa anauelekea. Mkono wangu ulijinyanyua wenyewe kuelekea kibodi, nikaurudisha mapajani na kuushika kwa mwingine.

Akaupita.

Sijawahi kutamani kusema neno kama nilivyotamani pale. Ungekuwa msaada wa neno moja tu, kushoto, na angempata, na ingekuwa mwisho wa redio yake. Nilibana meno. Akaendelea kupanda hatua mbili tatu, akasimama, kichwa kikiwa kimeinama upande. Akarudi hatua moja. Akarudi nyingine. Kwenye spika, chini kabisa ya mkwaruzo, kitu kililia.

"Paulo," alisema. Hakumwambia yeyote.

Mimi Morse naijua kidogo tu, kwa hiyo alikuwa akinisomea, herufi kwa herufi, halafu maneno. Paulo hakuwa anaita mtu. Alikuwa katikati ya mazungumzo na mstaafu mwenzake wa reli, na alikuwa anamhadithia jambo.

"*Alikuwa mtu wa kweli*," Mzee alisoma. "*Wa Tukuyu*... *hajawahi kukosa Jumamosi, nikajua tu*... *Mungu amlaze*..." Akakunja uso. "*Ila mkono wake ulikuwa mzito.*"

Alisikiliza zaidi, kana kwamba hakuamini.

"Mzito? Mkono wangu? Huyu aliyekuwa anaangusha nukta tangu yuko reli?"

Akavuta ufunguo karibu. Hakusubiri zamu yake. Akapiga jina la kituo chake, herufi zake zile zile alizozipiga miaka yote, kwa haraka na kwa ukali, mara moja. Kisha akaachia.

Wimbi likanyamaza. Yule mstaafu wa reli alinyamaza, na Paulo alinyamaza. Bi Zainabu alikuwa ameingia bila sisi kumsikia, amesimama nyuma ya kiti cha mumewe na mkono mdomoni. Mvua ikaanza juu ya mabati na Mzee akakandamiza spika masikioni kwa mikono yote miwili.

Ndipo ikaja, taratibu, kwa mkono wa mtu aliyekasirika. Mzee aliisoma yote mpaka mwisho kabla ya kututamkia.

"Anauliza," alisema, "*wewe ni nani unayetumia jina la marehemu?*"

Machozi yalikuwa yanamtoka, na mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Alipiga jibu fupi, lile hata mimi niliweza kulisoma: *marehemu mwenyewe*.

Kisha akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akaupiga kidogo, akausukuma kuelekea mlangoni.

"Nenda zako nyumbani, binti yangu," alisema. "Sisi marehemu tuna mengi ya kuzungumza."